Nyuki Asiyetulisha

Kila inapotangazwa kampeni ya kuokoa nyuki, hoja inayotangulia ni ya tumbo: nyuki wakiisha, chakula nacho kitaisha. Upo hata usemi unaozungushwa kwa jina la Albert Einstein, kwamba nyuki wakitoweka binadamu atabakiwa na miaka minne tu. Hakuna ushahidi kwamba Einstein aliwahi kutamka maneno hayo. Tena mahindi, mpunga na ngano, nafaka zinazoibeba sehemu kubwa ya dunia, hazimngojei nyuki: mahindi huchavushwa na upepo, na ngano na mpunga kwa kawaida hujichavusha. Hoja ya tumbo ina ukweli wake kwa matunda, mboga na mbegu za mafuta, na sina nia ya kuifuta. Ninachotaka ni kuipima kwa nyuki mmoja ambaye, kwa kipimo hicho, hana la kujitetea.

Jina lake la kitaalamu ni Lasioglossum oenotherae. Ni mwenyeji wa mashariki mwa Marekani na kusini mwa Kanada. Ni mweusi, na mdogo kiasi kwamba anaweza kutua juu ya ukucha wa kidole gumba na nafasi ikabaki. Hana mzinga, hana malkia, hatengenezi asali. Jike huchimba kiota chake mwenyewe ardhini, akatafuta chakula cha watoto wake mwenyewe, akataga na kufunga vyumba bila msaada wa yeyote. Mwaka 1920 O. A. Stevens, mtaalamu wa mimea aliyekuwa pia mchunguzi wa nyuki, ndiye aliyemwandika katika sayansi, na jina alilompa limebeba habari yake yote: oenotherae, yaani wa Oenothera. Hilo ni kundi la mimea ya porini yenye asili ya mabara ya Amerika, ambayo mingi huchanua maua ya manjano. Chavua ya mimea hiyo ndiyo anayowalishia watoto wake. Anaweza kunywa mbochi, yaani maji matamu ya maua, kwingine akiwa na kiu. Mtoto hapewi chavua ya kwingine.

Familia yake, Halictidae, inajulikana kama nyuki wa jasho, kwa sababu wengi wao humtua mtu aliyetoka jasho na kulilamba. Wasichanganywe na nyuki wadogo wasiouma, ambao ni ukoo mwingine kabisa. Hawa wana mwiba, ingawa maumivu yake hayadumu. Ni familia kubwa, yenye spishi zinazokaribia 4,500, na jenasi ya Lasioglossum peke yake ina zaidi ya 1,700. Hakuna jenasi nyingine ya nyuki yenye spishi nyingi hivyo. Wengi katika jenasi hiyo si wachaguzi: leo watakusanya kwenye ua la manjano, kesho kwenye jeupe, keshokutwa kwenye mti. Ndiyo maana unawakuta kila mahali, mpaka kwenye nyufa za njia za miguu mijini.

Huyu ameshika njia nyingine. Wahenga walimwonya mchaguzi kwamba mchagua nazi hupata koroma, na kwa haraka mtu angedhani kwamba nyuki mwenye maua maelfu mbele yake, akang'ang'ania kundi moja, amejitia umaskini kwa hiari. Ukilitazama ua lenyewe kwa karibu, unaona sababu.

Aina nyingi za Oenothera, ikiwemo Oenothera biennis iliyoenea kuliko zote mashariki mwa bara lile, hufungua maua yake jua linapozama. Na kufunguka huko si kwa polepole. Tumba lililofungana hutetemeka, majani ya nje yanayolishika huachia ghafla, na petali nne zikakunjuka mbele ya macho yako, mara nyingi ndani ya dakika moja au mbili. Ua hilo lina usiku mmoja tu. Kesho yake jua likishapanda hulegea na kunyauka, na jioni inayofuata ni zamu ya mengine juu ya shina hilohilo. Mbochi yake imewekwa chini kabisa ya mrija mrefu mwembamba, mahali panapofikiwa na ulimi wa nondo wakubwa wa usiku. Nyuki anayeanza kazi saa tatu asubuhi atakuta karamu imekwisha.

Kwa hiyo nyuki wetu amebadili saa zake za kuishi. Huruka alfajiri kunapopambazuka, hewa ikiwa bado na ubaridi ambao nyuki wengi hawauwezi, na wengine huonekana tena wakati wa magharibi. Ndugu zake wa karibu wamekwenda mbali zaidi. Lasioglossum texanum hutafuta chavua usiku kwa mwanga wa mwezi, na mwaka 1967 mtafiti Kerfoot alichapisha uchunguzi unaoonyesha kwamba safari zake hufuata kalenda ya mwezi wenyewe. Macho yake matatu madogo ya utosini, yale ambayo nyuki wote wanayo kwa ajili ya kupima mwanga, yamevimba kuliko ya jamaa zake wa mchana. Kwangu mimi hilo ni jambo la kushangaza sana: umbo zima la kichwa cha mdudu limegeuzwa na saa ya kuchanua kwa ua.

Bado hatujafika kwenye chavua yenyewe, na hapo ndipo penye ufundi mkubwa zaidi. Chavua ya mimea mingi ni unga. Ya Oenothera haimwagiki kama unga. Chembe zake ni kubwa, zina umbo la pembetatu, na zimefungamanishwa kwa nyuzi nyembamba zinazonata. Ukigusa kifuko cha chavua kwa ncha ya kidole kisha ukavuta taratibu, chavua hutoka ikining'inia kama utando wa buibui ulioshika umande. Ni mpango unaomfaa nondo, kwa kuwa mguso mmoja tu unatosha kubeba furushi zima hadi ua lingine. Kwa nyuki wa kawaida ni taabu. Nyuki wengi wa jasho hubeba chavua kwa nywele nyingi zilizosongamana kwenye miguu ya nyuma, nywele zenye matawi madogo yanayonasa chembe za unga moja moja. Nyuzi za Oenothera kwenye nywele kama hizo ni sawa na uzi wa sufu kwenye brashi: hujizonga na kukwama.

Lasioglossum oenotherae na wenzake wa kikundi hicho wana miguu tofauti. Katika kazi iliyochapishwa na Smithsonian mwaka 2003, Ronald McGinley alikipitia upya kikundi chote cha nyuki hawa wa jasho waliofungamana na familia ya mimea ya Oenothera, na mojawapo ya alama wanazotambulishwa nazo ni hizo nywele za kubebea: chache, zenye nafasi, zilizopangika mstari kwenye paja la mguu wa nyuma. Fikiria kitana cha meno mapana badala ya brashi. Nyuzi huning'inia juu ya kitana, na jike hurudi nyumbani akiburuta pazia la manjano nyuma yake. Huko chini ya ardhi hulifinyanga kuwa donge, hutaga yai moja juu yake, na kuziba mlango wa chumba. Hataonana na mtoto huyo akiwa buu. Kila kitu atakachokula mpaka awe nyuki kamili kimo ndani ya donge hilo.

Hadithi za nyuki na maua kwa kawaida huishia hapa, pakiwa na ndoa tamu: ua limemtengeneza nyuki, nyuki amelitengeneza ua, hakuna anayeishi bila mwenzake. Na kuna matokeo ya utafiti yanayoitia nguvu picha hiyo. Mwaka 2019 timu ya Lilach Hadany wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv ilichapisha jaribio walilofanya kwa Oenothera drummondii, aina ya pwani. Walipolipigia ua sauti ya nyuki akiruka, ndani ya dakika tatu mbochi yake iliongezeka utamu. Ni matokeo mazuri, na nayapenda. Lakini kwa nyuki wetu ndoa hiyo haina usawa, na nadhani ni haki tuseme hivyo waziwazi.

Katika maua makubwa ya jioni, stigma, yaani sehemu inayopokea chavua, hujitokeza mbele kupita vifuko vya chavua. Nondo akija na mwili wake mkubwa hugusa vyote viwili. Nyuki mdogo anaweza kutua moja kwa moja juu ya vifuko, akakusanya nyuzi zake, akaondoka bila kuigusa stigma hata kidogo. Amechukua na hakulipa. Oenothera biennis nayo imekwenda mbali zaidi katika kujitegemea: hujichavusha, mara nyingi kabla hata ua halijafunguka, na mbegu zake hutoka zikiwa karibu nakala ya mama yao. Kisa cha jambo hilo kiko kwenye kromosomu zake 14, ambazo wakati wa kutengeneza chembe za uzazi kwa kawaida hujipanga katika duara moja na kugawanyika kwa makundi mawili yasiyochanganyika.

Mpangilio huo wa ajabu uliwahi kuwapotosha hata mabingwa. Mwaka 1886 mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, Hugo de Vries, aliona katika shamba la viazi lililoachwa karibu na Hilversum mimea ya Oenothera iliyotofautiana ghafla na mingine, akajenga juu yake nadharia nzima kwamba spishi mpya huzaliwa kwa kuruka mara moja. Ilichukua miaka na kazi ya watu kama Otto Renner na Ralph Cleland kuonyesha kwamba mengi aliyoyaona yalikuwa matokeo ya zile kromosomu za duara. Neno alilolieneza, mutesheni, yaani badiliko la ghafla katika urithi, limebaki. Ua la kando ya njia limo katika msingi wa elimu ya urithi.

Turudi kwa nyuki. Zipo Oenothera nyingine zinazochanua mchana, kama Oenothera fruticosa, ambazo nyuki wana msaada wa kweli kwao, na yeye ni mmoja wa wageni wao. Sitaki kumdhulumu kwa kusema hana faida yoyote kwa yeyote. Lakini kwa ujumla picha iko hivi: yeye hawezi kuishi bila ua, na ua lililo tele kuliko yote kati ya anayoyatumia linaweza kuishi bila yeye. Na mimea hii si zao kuu la chakula cha mtu. Mafuta ya mbegu zake huuzwa kama kirutubisho, ila mmea unaojichavusha haumdai nyuki chochote kwa mafuta hayo.

Basi tumwambie nini mtu anayeuliza kwa nini fedha na ardhi zitumike kwa ajili ya mdudu huyu?

Swali hilo si la kubuni. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti wakiongozwa na David Kleijn walikusanya takwimu za mashamba kutoka sehemu mbalimbali za dunia na kupima ni nyuki gani wa porini wanaotembelea mazao. Wakakuta kwamba asilimia 2 tu ya spishi ndiyo inayofanya karibu asilimia 80 ya ziara zote za nyuki wa porini kwenye mazao hayo. Hao ni nyuki wa kawaida, wasiochagua, wanaovumilia kilimo. Ukiwa mwanauchumi unayetafuta huduma ya uchavushaji kwa bei nafuu, utawalinda hao wachache na kazi yako itakuwa imekwisha. Waandishi wenyewe waliliona hilo na kulisema: hoja ya huduma kwa mazao haitoshi kuwa sababu ya kuwalinda nyuki wa porini. Naona utafiti huo ulipaswa kubadilisha lugha ya kampeni zote za nyuki. Lugha ya kampeni bado ni ileile.

Na lugha isiyo sahihi huzaa matendo yasiyo sahihi. Mtu akiambiwa kwamba nyuki wako hatarini, akaambiwa kwamba nyuki ni chakula, anachofanya kwa moyo mwema ni kununua mzinga. Makampuni huweka mizinga juu ya mapaa yao na kutangaza kwamba yameokoa nyuki. Nyuki wa asali hakuwako Amerika Kaskazini kabla ya wakoloni. Aliletwa Virginia mwaka 1622 kwa meli kutoka Uingereza. Ni mfugo, kama ng'ombe na kuku, na mfugo hauko katika hatari ya kutoweka duniani hata pale wafugaji wanapopata hasara kubwa za makundi. Waswahili wana dua kwa mgeni wa namna hii: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2017 James Cane na Vincent Tepedino walikadiria kwamba mzinga mmoja wenye nguvu hukusanya katika miezi mitatu ya kiangazi chavua ambayo ingetosha kulea watoto 100,000 wa nyuki wa kawaida anayeishi peke yake. Sisemi kwamba kila mzinga umeua nyuki 100,000. Ninasema kwamba kuweka mizinga 10 kando ya hifadhi ya maua ya porini, kisha kuita hilo hifadhi ya nyuki, ni kupeleka kundi la ng'ombe kwenye malisho ya swala na kusema tumeokoa wanyama.

Hata zile nyumba ndogo za mianzi na vipande vya mbao vilivyotobolewa, zinazotundikwa bustanini kwa ajili ya nyuki wa porini, hazimfikii. Takriban asilimia 70 ya spishi za nyuki hujenga ardhini. Nyuki huyu anahitaji kipande cha udongo mkavu usiofunikwa kwa matandazo wala lami, jambo ambalo halina picha nzuri ya kuweka kwenye tangazo.

Nyuki wachaguzi wa chavua si kitu cha pembeni. Katika mashariki mwa Marekani wanakaribia robo ya spishi zote za nyuki wenyeji. Wapo wa maua ya maboga, wapo wa mierebi, wapo wa mmea mmoja wa majini tu. Mtu aliyetufundisha kuwaona kwa utaratibu ni Charles Robertson wa Carlinville, mji mdogo katika jimbo la Illinois. Kuanzia miaka ya 1880 alikaa kando ya maua ya eneo lake, mwaka baada ya mwaka, akiandika ni mdudu gani ametua wapi, mpaka akawa na kumbukumbu za wadudu zaidi ya 1,400 kwenye mimea zaidi ya 450. Istilahi ambayo wataalamu hutumia mpaka leo kwa nyuki wa chavua chache ilitoka kwake.

Kazi ya Robertson ilikuja kutumika kwa namna ambayo yeye hakuitarajia. Laura Burkle na wenzake walirudi Carlinville, wakachagua maua ya misituni yanayochanua mapema katika mwaka, na kulinganisha waliyoyaona na yale yaliyoandikwa miaka 120 kabla yao. Mwaka 2013 walichapisha matokeo: nusu ya spishi za nyuki zilizokuwa zikiyatembelea maua hayo hazikuwepo tena katika eneo lile. Na upotevu huo haukuwagusa wote sawasawa. Wale waliotegemea wachache ndio walioathirika zaidi. Mpunguo wa namna hii hauonekani kwa macho ya mpita njia, kwa sababu nyuki wa kawaida bado wanavuma. Bustani ina kelele, mazao yanazaa, na mtu wa hoja ya tumbo hana cha kulalamikia.

Lasioglossum oenotherae hayumo katika orodha ya serikali ya Marekani ya spishi zilizo hatarini, na sitamtia humo kwa maneno yangu. Ila nina neno kuhusu namna tunavyomhesabu. Tafiti nyingi za nyuki hufanyika kuanzia katikati ya asubuhi, jua likiwa limewaka na upepo umetulia, kwa sababu ndivyo nyuki wengi wanavyopenda. Mtu akienda uwandani saa nne asubuhi na wavu wake, akarudi saa tisa alasiri, atasema kwa uaminifu kabisa kwamba hakumwona. Na nyuki wa Lasioglossum kwa jumla ni mateso kwa watambuzi; spishi nyingi zinafanana kiasi kwamba masanduku ya makumbusho yamejaa vielelezo visivyo na jina. Huyu angalau ana nafuu, kwani ukilifuata ua lake alfajiri na kuona nyuki mdogo mweusi anayeburuta nyuzi za manjano, umekwisha mtambua nusu. Kinachohitajika ni mtu aliye tayari kuamka.

Sasa nijibu swali nililoliacha. Ninaweza kusema kwamba nyuki mchaguzi ni shahidi mzuri: nyuki wa kawaida akionekana, unajua tu kwamba kuna kitu kimechanua, lakini huyu akionekana unajua kwamba Oenothera imechanua hapo, na mwaka uliopita ilichanua, na mwaka wa kabla yake pia, na kwamba udongo wa karibu haujalimwa wala kuzibwa. Hiyo ni kweli na ni faida. Lakini ningekuwa nimerudi kulekule kwenye kumtafutia ajira. Sababu yangu ya kwanza ni nyingine. Katika pande hizo za dunia kuna ua linaloishi usiku mmoja, lenye chavua ya nyuzi ambayo nyuki wengine huishindwa, na kuna kiumbe ambaye miguu yake, saa zake za kuamka na majira ya kuzaliwa kwake yote yamefanyizwa na ua hilo. Hakuna anayeweza kumtengeneza upya. Nyuki wa namna hiyo akipotea kwa sababu tulifyeka mapema, tumepoteza kitu kizima ambacho hakikutudai chochote isipokuwa tusikiguse kwa miezi michache. Kwangu hiyo inatosha, na nadhani ingewatosha watu wengi kama wangeelezwa habari yake badala ya kutishwa kwa njaa.

Na kusema kweli ni kiumbe asiyehitaji mengi. Mwaka 1969 Knerer na MacKay walichapisha nchini Kanada uchunguzi wa maisha yake, na nyuki waliowachunguza walikuwa wakitembelea maua ya familia hiyo yaliyopandwa na watu. Haogopi bustani. Haombi hifadhi ya maelfu ya hekta. Anachohitaji ni ua sahihi, lenye chavua, karibu na udongo wa kuchimba, kila mwaka bila kuruka. Hapo kwenye kutoruka ndipo watu wengi wanaomtakia mema wanapokosea.

Oenothera biennis ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hulala chini kama sahani ya majani, haichanui. Mwaka wa pili shina hupanda likafikia kimo cha mtu mzima, huchanua kuanzia katikati ya kiangazi, hutoa mbegu na kufa. Tena haipendi pori lililosongamana. Hupenda ardhi iliyotifuliwa, kando za barabara na reli, viwanja vilivyoachwa, mashamba yaliyopumzishwa. Mkulima huiita gugu. Kwa hiyo wanaosema tusiguse kabisa hawamsaidii nyuki, kwa sababu baada ya miaka kadhaa vichaka vitaifunika. Na wanaofyeka kila Julai wanakata mimea ya mwaka wa pili ikiwa imechanua, siku zilezile ambazo jike anajaza vyumba vyake.

Mmea wenyewe unaweza kustahimili hayo. Mwaka 1879 profesa William James Beal wa chuo cha kilimo cha Michigan alichanganya mbegu na mchanga katika chupa 20, akazifukia, ili zifukuliwe moja moja kwa miaka mingi baada yake. Ndani yake zilikuwamo za Oenothera biennis. Katika chupa iliyofukuliwa mwaka 1960, baada ya miaka 80 chini ya ardhi, baadhi ya mbegu hizo ziliota. Nyuki hana akiba ya namna hiyo. Kama ilivyo kwa jamaa zake wengi, watoto hutoka kiangazi kikiisha, hupandana, madume hufa, na majike hulala ardhini kupita majira ya baridi wakiwa nyuki kamili, kila mmoja akingojea kiangazi kimoja. Akitoka na kukuta hakuna ua, hana mwaka wa pili wa kujaribu tena.

Kwa wanaosimamia kando za barabara, viwanja vya shule na mabonde yaliyo chini ya nyaya za umeme katika majimbo hayo, ninachoomba ni ratiba. Gawanyeni eneo sehemu mbili au tatu, mtifue moja kwa mwaka, ili pasikose kamwe mimea ya mwaka wa pili. Mchanganyiko wa mbegu za maua ya porini unaonunuliwa uwe na Oenothera za mahali hapo, si zile za bustani zenye petali za kurudufiwa. Dawa ya kuua magugu isipulizwe kwenye kipande cha udongo mtupu kwa sababu tu kinaonekana hakina kazi. Na kufyeka kungoje mwisho wa Oktoba, mbegu zikiwa zimekwisha kudondoka na majike wamekwisha kuingia ardhini. Mashine itakuwa ileile, na mafuta yatakayotumika ni yaleyale.